Redio ya Babu Isichinjwe

Katika nyumba kadha za wazee iko redio ya kale. Kasha lake ni la mbao zilizopakwa vanishi, au la bekelaiti nyeusi. Uso wake una kioo chenye majina ya miji ya mbali. Nyuma yake umefungwa ubao wenye matundu, na ndani ya ubao huo vimesimama vichupa vya kioo viitwavyo valvu. Redio hiyo haisemi. Imefunikwa kitambaa, juu ya kitambaa imewekwa picha ya harusi, na watoto wa nyumba wamezoea kuiona kama wanavyozoea kuuona ukuta. Juu ya redio hiyo nataka kusema nawe, msomaji, kwa sababu yamkini siku moja itakuwa mikononi mwako, na siku hiyo utapewa mashauri mabaya.

Mashauri hayo yatakuja kwa njia mbili. Mtu wa kwanza atakwambia uitupe, maana imekufa na nafasi yake yatakiwa. Huyu ni rahisi kumjibu, kwa kuwa kila mwenye macho huona kwamba kasha lile ni kazi ya mikono ya watu waliojua kazi yao. Mtu wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu maneno yake ni matamu. Atasema kwamba redio hiyo ni nzuri mno, haifai kutupwa; kwamba iliyobora ni kutoa vyote vilivyomo ndani, na kutia badala yake kibao kidogo cha kisasa na spika mbili za plastiki, ili upate kusikia muziki wa simu yako kutoka katika kasha la kale. Kazi hiyo yeye huiita kuifufua redio. Mimi naiita kuichinja. Nasema ni kosa. Nasema tena kwamba ni kosa lisilo na sababu, maana muziki uliomo katika simu yako waweza kusikika kwa valvu zile zile alizozisikiliza babu yako, bila ya kutupa kitu hata kimoja kilicho kizima.

Nilipata kuyaona matokeo ya kazi hiyo kwa macho yangu. Mzee mmoja, jirani yetu, alikuwa na redio aliyoinunua ujanani mwake kwa akiba ya mishahara ya miezi kadha. Ilikuwa imenyamaza miaka mingi. Mjukuu wake, kijana mwema mwenye nia njema, aliichukua akaipeleka mjini, na baada ya juma moja akairudisha. Akaitia umeme, taa ya buluu ikawaka na muziki ukatoka mara moja. Mzee alifurahi. Akaondoka kitini, akaiendea redio, akashika kifundo cha kutafutia stesheni akakizungusha kama alivyozoea. Sindano haikwenda. Akazungusha tena.

"Mbona sindano yake haisogei?" akauliza.

"Hiyo haina kazi tena, babu," kijana akajibu. "Ni pambo tu."

"Na taa zake za ndani?"

"Nilimwachia fundi. Zilikuwa hazina faida."

Mzee hakusema neno la kulaumu. Alirudi kitini, akashukuru kama adabu ilivyomtaka, na redio ikaendelea kuimba. Lakini katika siku zote nilizopita pale baadaye sikumwona akiigusa tena.

Kijana yule hakuwa mwovu. Kosa lake lilikuwa moja: hakujiuliza kitu alichokitoa kilikuwa nini. Basi na tujiulize sisi.

Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake mna sehemu tatu ambazo hapana budi kuzijua. Ya kwanza ni kathodi, ambayo hupashwa moto na waya mwembamba unaong'aa kama kaa. Ikipata moto hutoa chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni. Ya pili ni anodi, bamba la chuma lililotiwa umeme, mara nyingi wa volti 200 au zaidi, ambalo huzivuta chembe hizo ziliendee. Katikati ya hizo mbili umewekwa wavu mwembamba wa waya. Umeme dhaifu unaoletwa kwenye wavu huo huzizuia elektroni au huziachilia, kama mtu wa shamba afunguavyo na kufunga mfereji kwa kibao kidogo. Nguvu ya mkono wake ni haba, lakini maji yanayoutii mkono huo ni mengi. Ndivyo sauti dhaifu inavyopata kuwa kubwa.

Jambo hili halikuvumbuliwa kwa siku moja wala na mtu mmoja. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya sehemu mbili mwaka 1904. Mmarekani Lee de Forest akaongeza ule wavu mwaka 1906. Transista, ambayo ndiyo iliyoiondoa valvu katika redio, ilivumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1947, na redio ya kwanza ya transista iliuzwa madukani mwaka 1954. Kwa hiyo katika muda wa miaka kama arubaini, kila redio iliyoweza kuijaza nyumba kwa sauti iliifanya kazi hiyo kwa valvu. Matangazo yalipoanza Nairobi mwaka 1928, valvu ndiyo iliyoyapeleka hewani. Habari za vita vya 1939 hadi 1945 zilisikiwa kwa valvu. Kusini mwetu, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwaka 1949 ilianza kuuzwa redio ndogo ya buluu yenye umbo la sufuria, iliyotumia valvu na betri kavu, ili Waafrika wapate kusikia matangazo ya Lusaka kwa lugha zao. Watu waliiita Saucepan Special. Bei yake ilikuwa pauni 5, na fedha hizo hazikuwa kidogo kwa kibarua wa wakati ule. Walakini ilinunuliwa, na mwenye redio hakusikiliza peke yake.

Hicho ndicho kitu alichotupa kijana yule. Alidhani kasha ndilo redio, na valvu ni takataka za ndani. Kweli ni kinyume chake. Kasha ni kanzu. Valvu ndizo mwenye kanzu. Mtu akimtoa mwenye kanzu nje, akaivika sanamu, asituambie kwamba amemfufua babu.

Labda utaniuliza: ikiwa redio hizo ni nzima hivyo, mbona zimenyamaza? Zina maradhi mawili, nayo hayafanani. Maradhi ya kwanza ni uzee wa vipande vichache, hasa kapasita zilizotengenezwa kwa karatasi na nta, ambazo hulowa unyevu na kuvujisha umeme. Maradhi haya hutibika kwa gharama ndogo. Maradhi ya pili hayamo katika redio yenyewe. Redio nyingi za zamani zilitengenezwa kupokea mawimbi ya kati, mawimbi mafupi, na nyingine mawimbi marefu. Watangazaji wengi wameyahama mawimbi hayo. Ujerumani, kwa mfano, stesheni ya Deutschlandfunk ilizima mitambo yake ya mawimbi marefu mwisho wa mwaka 2014, na ya mawimbi ya kati mwisho wa mwaka 2015. Hapa kwetu stesheni unazozisikiliza garini na nyumbani zimo katika FM, na redio nyingi za valvu hazina FM. Redio ya babu ni kama mtu aliyesafiri miaka mingi, akarudi sokoni akakuta watu wamebadili lugha. Hakupoteza ulimi, wamepungua tu wanaosema naye.

Basi redio hiyo si bubu. Ina kinywa kizuri kisichokuwa na maneno. Na simu yako ni kinyume chake: ina maneno mengi mno na kinywa kidogo mno. Katika simu waweza kuweka maelfu ya nyimbo, lakini spika yake ni ndogo kuliko sarafu ya shilingi, haiwezi kuisukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito ya ngoma au ya besi. Redio ya mezani ina spika ya karatasi yenye upana wa inchi sita au nane, imefungwa katika kasha lenye nafasi ya kuvuma. Umepata kusikia hadithi ya kipofu aliyembeba kiwete begani, mmoja akatoa miguu na mwingine macho, wakafika safari yao. Simu na redio ya valvu ni wasafiri wa namna hiyo. Atakayemuua mmoja ili mwingine akae mahali pake hajaielewa hadithi.

Wako wanaosema kwamba vitu hivi viwili havipatani, kwa kuwa kimoja ni cha dijitali na kingine ni cha zama za moto na kioo. Maneno haya yana sura ya elimu, lakini si elimu. Muziki wa dijitali ni sauti iliyopimwa na kuandikwa kwa tarakimu. Katika sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kuwa namba. Walakini sikio halisikii namba, wala spika haitetemeshwi na namba. Kabla ya muziki kutoka katika simu, hapana budi kifaa kilichomo ndani yake kizigeuze namba hizo ziwe tena umeme unaopanda na kushuka kama ilivyopanda na kushuka sauti ya mwimbaji. Umeme huo ukishatoka ni umeme kama mwingine wowote. Wavu wa valvu hauulizi umetoka wapi.

Tena waliozitengeneza redio hizo waliacha mlango. Geuza redio ya valvu uitazame nyuma. Katika nyingi utaona matundu mawili yaliyoandikwa PU au Gram, au yaliyochorewa alama ya sahani ya santuri. Zamani mwenye santuri alitia hapo nyaya zake, akazungusha kifundo cha mbele mpaka penye alama hiyo, na sauti ya sahani ikatoka katika spika ya redio. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, sauti yake ilichorwa katika sahani za namna hiyo. Leo nyimbo za kale za taarabu zaweza kuwekwa katika simu ya mtoto wa shule. Zikipitishwa katika matundu ya PU, zinaingia kwa mlango ule ule uliowekwa kwa ajili yake. Huu si uzushi wala hila. Ni kukitumia chombo kama alivyokusudia aliyekiunda.

Sasa yatazame makosa ya mchinjaji mmoja mmoja.

Kosa lake la kwanza ni kwamba aharibu kisichorudi. Valvu za kukuza sauti zingali zikitengenezwa katika Urusi, Slovakia na China. Lakini valvu nyingi za kupokea mawimbi hazitengenezwi tena, na zilizobaki ni zile zilizomo katika redio kuukuu na katika ghala za watu wachache. Koili zilizopigwa kwa kipimo cha redio moja, kamba inayoivuta sindano, transfoma ya kupelekea sauti kwenye spika: vitu hivi vikiingia pipani hapana duka la kuvirudisha. Kibao cha kisasa waweza kukinunua leo, kesho na mwaka ujao. Ni akili gani ya kutupa kilicho adimu ili kukipisha kilicho tele? Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kosa la pili ni kwamba ajidanganya juu ya maisha ya alichokitia. Redio ya valvu iliundwa itengenezwe. Mara nyingi michoro yake ilichapwa kwa ajili ya mafundi; kila kipande chake chaonekana kwa jicho, chashikika kwa koleo, na chaweza kuondolewa peke yake. Ndiyo maana ikiwa na umri wa miaka sabini yaweza kusema tena. Kibao cha bei nafuu hakikuundwa hivyo. Kikifa hakifunguliwi; hutupwa. Siku hiyo litabaki kasha tupu, na mjukuu wa mjukuu atakuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyetoa vilivyokuwamo.

Kosa la tatu lanihuzunisha zaidi, kwa sababu lakuhusu wewe uliye shuleni. Simu uliyo nayo ina transista kwa mabilioni katika kipande kisichopita ukucha. Ni ajabu kubwa, lakini ni ajabu iliyofungwa. Huwezi kuifungua ukaona chochote kikifanya kazi. Redio ya valvu ni ajabu iliyo wazi. Ukiitia umeme huona kathodi zikiiva. Hungoja kama nusu dakika, na katika kungoja huko wajifunza kwamba elektroni hazitoki mpaka moto uwe wa kutosha. Yale uliyoandikiwa ubaoni kuhusu umeme, hapo yana mwanga na joto. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na redio ya valvu ni katika vyombo vichache vinavyomwonyesha kijana jinsi vilivyoundwa. Kuichinja ni kukichoma kitabu ili kutumia jalada lake.

Nimewasema wapinzani wangu. Haki yanitaka niwaseme na walio upande wangu. Wako wapenzi wa redio za kale wanaotangaza kwamba valvu hutoa sauti safi kuliko mashine zote za leo. Hayo si kweli. Redio ya mezani huongeza vitu visivyokuwamo katika wimbo. Valvu yake ya mwisho huzaa mitetemo ya ziada juu ya kila noti, spika yake huzipunguza sauti nyembamba za juu, na kasha lake huvuma kwa sauti yake lenyewe. Tena hutoa sauti moja tu, haina upande wa kulia wala wa kushoto. Matokeo yake ni sauti ya joto, nene na tulivu, na watu wengi huipenda, nami ni mmojawapo. Lakini kupendeza si usahihi. Mashine nzuri ya kisasa huunakili wimbo kwa uaminifu zaidi. Anayetaka kuokoa redio ya kale kwa uongo ataipoteza siku uongo utakapojulikana. Sisi twaitetea kwa sababu ni kitu kizima, chenye sauti yake yenyewe, kinachofahamika na kinachotengenezeka. Sababu hizo zatosha.

Sasa nitasema juu ya mauti, nami nakuomba usome sehemu hii mara mbili. Redio ya valvu yaweza kuua. Ndani yake mna umeme wa volti mia kadha, na kapasita zake zaweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Zaidi ya hayo, ziko redio zilizotengenezwa bila ya transfoma ya kutenganisha redio na umeme wa nyumba. Bush DAC90A, iliyotokea Uingereza mwaka 1950, ni mojawapo. Katika redio za namna hiyo waya mmoja wa umeme wa ukutani huunganishwa moja kwa moja na fremu ya chuma ya ndani. Na kama nyaya zimefungwa kinyume, fremu nzima huwa na volti 240. Mtu akiunganisha simu yake kwa waya na redio hiyo, atakuwa ameushika umeme wa nyumba mkononi mwake.

Kwa hiyo usiifungue redio peke yako, wala usiitie umeme kwa kutaka kujua tu kama ingali hai. Ipeleke kwa fundi aliyezijua valvu, nawe ukae pembeni utazame. Yeye atakagua waya wa umeme, ambao mpira wake huenda umekauka na kupasuka. Atabadilisha kapasita za karatasi, na zaidi ya zote ile iliyo kabla ya valvu ya mwisho, kwa sababu ikivuja huichosha valvu hiyo na huweza kuiunguza transfoma ya spika. Kisha ataiamsha polepole, umeme ukipitia kwanza katika balbu ya taa, ili kama kuna kosa balbu iwake kwa nguvu na redio isalimike. Vipande hivyo vichache ndivyo pekee vinavyostahili kuondolewa, kwa kuwa vimekufa kweli.

Redio ikishapona, na fundi akishathibitisha kwamba ina transfoma ya kuitenga na umeme wa nyumba, kuiunganisha na simu si kazi kubwa. Simu hutoa sauti mbili, ya kulia na ya kushoto, na redio yapokea moja. Usizisokote nyaya mbili hizo pamoja. Fundi azipitishe kila moja katika rezista yake, kiasi cha omu 1,000, ndipo zikutane. Kisha atie katikati ya simu na matundu ya PU transfoma ndogo ya sauti, iwe ukuta wa pili wa salama. Simu isiwe katika chaji wakati inapopiga muziki kwa waya. Kama simu yako haina tundu la waya, kipokezi kidogo cha Bluetooth kitafanya kazi hiyo kikiwa kimekaa nje ya redio, nyuma yake, wala hakitaondoa chochote. Na kama redio ni ya lile kabila lisilo na transfoma, au haina matundu ya PU, usiiguse kwa waya kabisa. Iko njia nyingine: kitangazia kidogo cha mawimbi ya kati, cha nguvu haba isiyovuka chumba, ambacho hupokea muziki wa simu na kuutangaza kwa lugha anayoijua redio. Uliza kwanza sheria ya mawasiliano yasemaje juu ya chombo hicho. Hapo hata sindano hupata kazi yake. Babu atazungusha kifundo, naye ataitafuta stesheni ya mjukuu wake katikati ya mvumo wa hewa, mpaka aipate.

Nimesikia watu wakisema kwamba yote haya ni gharama na taabu, na kwamba redio ya valvu hula umeme. Sikatai. Redio ya mezani hutumia kiasi cha wati 40 hadi 60, na katika hizo wati tatu au nne tu ndizo zinazokuwa sauti. Zilizobaki huwa joto. Kwa kipimo cha matumizi huo ni ubadhirifu. Lakini redio ya wati 50 hucheza saa 20 kwa yuniti moja ya umeme. Hapana anayesema icheze mchana na usiku kama redio ya dukani. Ikiwashwa saa moja jioni, mzigo wake si mkubwa. Na gharama ya kapasita chache na ujira wa fundi yapasa kulinganishwa na bei ya kibao, spika mpya, na kazi ya kutoboa kasha. Kuchinja nako si bure.

Wengine wamesema kwamba mali ni ya mwenyewe, naye aweza kuifanyia apendavyo. Katika sheria hiyo ni kweli. Lakini si kila linaloruhusiwa linafaa, na vitu tulivyorithi tumeviweka kwa zamu. Babu aliweka kwa zamu yake, nawe utaweka kwa zamu yako, na baada yako yuko mwingine. Mwenye zamu aweza kutumia, aweza kutengeneza, aweza hata kuongeza. Kinachompasa ni kumwachia anayefuata nafasi ya kuchagua. Aliyetia kipokezi nje ya kasha amemwachia. Aliyetupa valvu ameamua kwa niaba ya watu wote watakaokuja.

Basi siku redio hiyo itakapofika mikononi mwako, usikubali haraka ya mtu mwenye bisibisi. Iondolee kitambaa, ipanguse vumbi, isome majina yaliyo katika kioo chake. Mwulize mwenyewe, maadamu angali hai, aliinunua wapi, alisikiliza nini, na ni nani waliokuja kusikiliza pamoja naye. Kisha mtafute fundi. Siku itakapopona, tafuta katika simu yako wimbo wa ujana wa mzee huyo, uuweke, mketi mngoje pamoja ile nusu dakika mpaka valvu zipate moto. Wimbo ukianza, mwache yeye ndiye akishike kifundo.